Waliniambia Funga, Nikafunga

Leo nimeaibika kanisa zima likishuhudia. Kabla hamjaanza kunichambua nakiri mwenyewe: mimi ndiye niliyemwambia fundi akaze ile skrubu mpaka mwisho. Hilo ni langu. Mengine yote ni makosa ya watu wazima, na nina hasira nao. (Naandika nikiwa sina nguvu. Sababu mtaiona.)

Sikilizeni. Wezi wa pikipiki siku hizi hawaogopi hata maombi. Juzi shemasi wetu alifumba macho kwenye "Baba yetu", akafumbua kwenye "Amina", pikipiki iko Ngarama inatafuta mpaka wa Tanzania. Papa, yaani baba yangu, akashtuka. Pikipiki yake ndiyo inayotulisha. Akasema lazima tuifunge alamu, ile ya kupiga kelele mwizi akigusa tu. Halafu akasema, kwa kinywa chake mwenyewe, kwamba nikiisimamia kazi hiyo vizuri, likizo hii atanipa ufunguo nijifunze kuendesha.

Ufunguo! Mimi! Nilishajiona napita mbele ya nyumba fulani, polepole, nikijifanya sioni mtu. (Msiulize nyumba ya nani.)

Asubuhi tukaenda Mbarara. Leo ni Jumamosi ya kufunga na kuomba, kwa hiyo hatukuonja hata chai. Papa akaniacha na pikipiki Kakoba, kwenye duka la Hajji mmoja muuza vifaa, akaenda Nyamityobora kumsalimia binamu yake. Yaani mimi ndiye nichague. Hilo nalo lihesabuni upande wa watu wazima.

Hajji ni mtu wa Mbarara, Kiswahili chake ni cha biashara, hakipotezi muda.

"Kijana, iko mbili. Hii nalia kidogo. Hii nalia mpaka mwizi nalia pia."

"Nipe hiyo ya mwizi kulia."

"Sawa, ssebo. Nafunga sasa?"

"Ndiyo, Hajji, tumefunga. Toka jana."

Akanitazama. "Wewe nafunga nini? Mimi nauliza alamu!"

"Aaa, alamu! Funga, funga."

(Ningejua kwamba neno hilo limeamka na mimi leo, ningerudi kambini kwetu Nakivale kwa miguu.)

Akang'oa kiti, akaunganisha nyaya, akashika bisibisi. "Hii skrubu ni ya ukali. Naweka katikati?"

"Mpaka mwisho."

"Banange! Mwisho ni mbaya, kijana. Hata lori napita, italia."

"Hajji, kwetu kambini lori linakuja siku ya kugawa posho tu."

Akakaza. Kisha akanipa telekomande, kidude cha kuning'iniza kwenye ufunguo. Kina vitufe viwili: kimoja kimechorwa kufuli iliyofungwa, kingine kufuli wazi. "Hii kufunga, hii kufungua. Nirudie?"

"Hajji, mimi niko Senior Three. Nasoma fizikia."

Hakurudia. Nadhani fizikia ilimtisha.

Alasiri tukafika kanisani. Papa akaegesha pikipiki nje, ikaegemea ukuta wa udongo. Upande wa pili wa ukuta huohuo ndipo ngoma ya kwaya inapokaa. (Mimi niliegesha? Hapana. Andikeni hilo.) Akanikabidhi telekomande mbele ya wazee: "Huyu ndiye fundi wangu." Nikafinya kufuli iliyofungwa. Pikipiki ikaitika: tiu! Watoto wakashangilia. Nikaingia ndani natembea kama waziri.

Kwaya ikasimama, Mama yumo mstari wa mbele. Ngoma ikapigwa. Dum!

Nje: WIU-WIU-WIU-NINO-NINO!

Kwaya ikakatika. Pasteri akasema kwa upole, "Mutu mwenye iyo kintu, afunge."

Mimi ni mtoto mtiifu. Nikafunga. Tiu! Kimya.

"Aksanti, mwanangu. Tuendelee."

Dum!

WIU-WIU-WIU!

"Funga!" Papa.

Nikafunga. Tiu. Dum. WIU-WIU!

"Weye mutoto, si tunakuambia funga!" Akina mama wote.

"Nafunga!"

"Funga muzuri!"

Hapa naomba niulize, na nauliza kwa hasira: mtu akiambiwa funga, afanye nini? Kwetu sisi Wakongo, funga redio maana yake izime. Funga televisheni, izime. Lakini ile alamu ukiifunga, umeiamsha! Inanyamaza kidogo kama mtoto mjanja, inakaa macho, inasubiri ngoma. Ili ilale kabisa unatakiwa uifungue. Nani aliniambia nifungue? Hakuna! Kanisa zima, watu wenye ndevu na vyeti vya ndoa: "Funga! Funga!"

Nikatoka nje mbio. Nusu ya kanisa ikanifuata. Watoto walikuwa wameshagundua mchezo: unapiga teke gurudumu, pikipiki inalia, unacheza. Nafunga, wanapiga. Nafunga, wanapiga.

"Finya ile ingine!" shemasi akapiga kelele. Huyu aliyeibiwa.

"Ile ni ya kufungua, Papa Shemasi! Nikifungua, wezi bataiba!"

Na mjue wote waliitikia kwa vichwa. Shemasi mwenyewe akasema, "Ni kweli, usifungue." Sasa kila mmoja anajifanya alikuwa anajua.

Mara Mama akatoka, na joho lake la kwaya, hatua za kuua nyoka.

"Unafanya nini, weye?"

Ilibidi nipaze sauti, kwa sababu alamu ilikuwa inalia na watoto wanapiga yowe. Nikavuta pumzi yote niliyokuwa nayo tumboni (na tumboni hamkuwa na kitu kingine). Wakati huohuo Mama akaninyang'anya telekomande, akafinya kufuli wazi. Alamu ikanyamaza. Watoto wakanyamaza. Kwaya ndani ilikuwa imenyamaza. Katika kimya hicho kitakatifu, sauti yangu ikapita juu ya mabati yote ya Nakivale:

"NIMECHOKA KUFUNGAAA!"

Siku ya mfungo.

Mlangoni alikuwa amesimama Pasteri. Akashusha pumzi. "Kijana wetu amechoka kufunga," akawaambia watu. "Tusimucheke. Tumbo iko na nguvu mingi. Mumulete mbele."

"Hapana, Pasteri, nilikuwa nasema alamu..."

"Ndiyo, mwanangu. Kuja tu."

Wakaniombea! Mimi! Wakaniwekea mikono kichwani, na mkono uliobonyeza kuliko yote ulikuwa wa shemasi. Mama mmoja alikemea roho ya chapati kwa jina. Hakuna aliyecheka, ila nilikuwa nimefungua jicho moja: mabega yote ya kwaya yalikuwa yanatetemeka. Papa naye nilimwona. Alichukua ufunguo na telekomande, akavitia kwenye mfuko wa ndani wa koti, akafunga vifungo vyote, hata kile ambacho hakifungwi kamwe. Likizo yangu ikaingia mle kotini, sijui itatoka lini.

Basi. Jioni tukarudi nyumbani kufungua. Bukari, ule ugali wetu, sombe ya majani ya muhogo, samaki wa ziwani, harufu yake hata mfu angeomba sahani. Nikawa wa kwanza kunawa mikono.

Mama akapakua sehemu yangu, akafunika vizuri. Akaiweka ndani ya sanduku langu la bati la shule, akabana kufuli kubwa, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kitenge. Kisha akaomba telekomande kwa Papa, akaniwekea mkononi.

"Chakula yako iko mule, Senior Three," akasema. "Finya."