Tiki Kwanza

Jumatatu, 9 Februari

Nimepewa darasa! Si darasa zima, kusema kweli. Ni wanafunzi kumi na mmoja wa Gredi ya Kumi ambao walimu wengine wamenawa mikono. Wanapoteza vitabu, kazi ya nyumbani hawamalizi, na ukiwauliza swali wanaangalia viatu. Madam Ayoo, mwalimu mkuu wetu hapa Pioneer, anataka niwafundishe kujipanga, kusoma na kuongea na watu. Aliniuliza kama mimi mwenyewe nimejipanga. Nikasema sana. Nilikuwa nimevaa soksi mbili zisizofanana, lakini miguu ilikuwa chini ya meza.

Sharti ni moja. Ijumaa kila mwanafunzi aje na mzazi, amtambulishe kwa sauti na amwonyeshe faili lake. Mambo yakienda sawa, Bodi inaniongezea mkataba. Yakienda mrama, mwisho wa mwezi narudi Kapseret kukamua ng'ombe wa baba. Na baba, Mzee Wesonga, anajua mimi ni naibu mwalimu mkuu! Nilimwambia Krismasi ya mwaka juzi, mbele ya wageni, na sijapata nafasi nzuri ya kumrekebisha. Naibu wa kweli ni Bwana Mungai. Hajui kwamba nimechukua kiti chake.

Jioni nimeandika barua kumi na moja za kuwaita wazazi. Nimezitia kwenye bahasha ya kaki, bahasha nikaitia kwenye begi. Kesho wanafunzi wanapeleka nyumbani. Rahisi!

Jumanne, 10 Februari

Somo la kwanza. Nimewafundisha mbinu yangu mwenyewe, inaitwa Tiki Kwanza. Unaandika kazi zako kwenye chati, halafu unaziwekea tiki kabla hujazifanya. Moyo unatulia. Ukishatulia, kazi unaifanya bila presha. Mimi nimeitumia miaka sita.

Nimewaonyesha kwa mfano. Nikachora chati yangu ubaoni: kusahihisha madaftari, tiki. Kufua shati, tiki. Kutoa barua za wazazi, tiki. Nilijisikia vizuri ajabu.

Wangila, kijana mrefu anayekaa nyuma, akauliza ikiwa mtu amesahau kufanya kazi aliyoitia tiki, itakuwaje. Swali la mtu mvivu! Nikamwambia akae chini.

Madam Leonida, mwalimu mwenzangu, alipita dirishani akiwa na mafaili yake ya rangi. Nyekundu ni hesabu, kijani ni bayolojia. Akacheka kidogo. Anafundisha mbinu ya kizamani ya kufanya kazi kwanza, maskini.

Jumatano, 11 Februari

Leo upekuzi wa mabegi. Begi la mtu ndilo kichwa chake, nimewaambia. Kwa Irungu tumetoa kiatu kimoja, sufuria ya dada yake na kitabu cha Gredi ya Saba. Nikamsema mpaka nikachoka.

Hapo Wangila akaomba tuangalie na begi la mwalimu. Darasa zima likaunga mkono. Sikutaka kuonekana mwoga, kwa hiyo nikamwita Nanzala alimwage juu ya meza. Nanzala ni yule msichana mdogo ambaye tangu aripoti Januari hakuna mtu amesikia sauti yake. Nilitaka azoee kusimama mbele ya watu.

Akatoa ndizi nyeusi. Akatoa karatasi za mtihani wa mwaka jana, ambazo wenyewe walishahama shule. Akatoa kitana, soksi (ndiyo pacha niliyoikosa Jumatatu!), na bahasha ya kaki. Bahasha akaifungua, akachungulia. Akaniangalia. Akaangalia ubao, ambapo chati yangu ilikuwa bado haijafutwa. Kisha akairudisha taratibu na kwenda kukaa.

Aibu tu ya kike. Ila nimefurahi kwamba aliniangalia usoni. Tumefanya mazoezi ya kuongea: mtazame mtu machoni, toa hoja tatu, uzihesabu kwa vidole. Nanzala alihesabu vidole bila kusema kitu. Ni mwanzo.

Alhamisi, 12 Februari

Muujiza! Nimeingia darasani nikawakuta wote kumi na mmoja wamekaa duara, wanapanga jambo. Kuna ratiba imechorwa kwa rula, saa upande mmoja, majina upande mwingine, na safu nyingine ya mwisho yenye maneno kama koti, kofia, miwani. Nikauliza ni nini. Wangila akasema ni maandalizi ya kesho. Nikauliza kama wazazi wanakuja. Akasema mzazi yuko tayari.

Sikutaka kuwasumbua. Nimeenda stafu rumu kumsimulia Madam Leonida jinsi watoto wanavyojiendesha wenyewe. Akasema tutaona kesho. Wivu ni ugonjwa mbaya.

Ijumaa, 13 Februari

Niandike upesi kabla sijasahau lolote.

Saa mbili na nusu mzazi wa kwanza ameingia. Mjomba wake Wangila, ndani ya koti kubwa la kijivu. Wangila akamtambulisha vizuri sana, sauti juu, mgongo umenyooka. Mimi nikawa najiuliza sura hii nimeiona wapi. Kisha nikakumbuka. Ni Kipkirui, mwanabodaboda wa steji ya pikipiki ya Munyaka anayenibeba kila asubuhi! Nikajiambia, kumbe ana mpwa shuleni kwetu. Eldoret ni ndogo. Madam Leonida, ambaye hupenda kujua watu wa kwao, akamsalimia mulembe, salamu ya Kiluhya, kama mtu wa kina Wangila. Yeye akajibu chamgei, salamu ya Kikalenjin. Madam Leonida akamtazama, akamtazama tena, akaenda zake.

Kipkirui akanywa chai ya wageni na mandazi mawili, akatoka.

Saa tatu kasorobo akaingia baba yake Irungu. Kofia ya sufu, hakuna koti. Alikuwa Kipkirui.

Woi! Nikalivuta begi, nikafungua bahasha. Barua kumi na moja, zote zimetulia humo ndani kama nilivyozilaza Jumatatu.

Sasa ningefanya nini? Mtu mwingine angeenda kwa Madam Ayoo akakiri. Mimi nikampa baba yake Irungu mkono kwa heshima, nikamwambia kijana wake anaendelea vizuri. Akasema anashukuru, akauliza kama kuna mandazi mengine. Saa tatu akaja akiwa mchungaji anayemlea Antony, mwanafunzi wangu mwingine. Saa tatu na robo akaja na miwani. Lazima niseme ukweli, watoto walipanga! Hakuna aliyechelewa, hakuna aliyekosea jina, kila mmoja faili mkononi. Mpishi ndiye aliyekuja kuniuliza huyo mzee wa chai ni nani.

Mzazi wa saba alikuwa anakaa wakati Madam Ayoo alipoingia. Kipkirui alikuwa baba yake Nanzala, ila kwa haraka alikuwa amesahau kuvua reflekta, kile kizibao cha bodaboda kinachong'aa. Akasimama, akamwamkua. Na simu yake ikalia. Akaipokea, Mungu wangu, akasema kwa sauti kwamba yuko hapa stejini, anakuja saa hii.

Madam Ayoo akauliza kinachoendelea. Nikafungua mdomo, sijui ningesema nini, labda kwamba ni tamasha la maigizo.

Nanzala akasimama. Akamtazama Madam machoni, akainua kidole. Moja, akasema, barua hazikutoka, ziko kwenye begi la mwalimu, tuliziona Jumatano. Mbili, tuliogopa mwalimu atafukuzwa, ndiyo tukamwomba jirani yangu Kipkirui awe mzazi wa kila mtu. Tatu, mwalimu ni mtu mzuri, lakini anahitaji kusaidiwa kujipanga.

Sauti safi, haikutetemeka hata kidogo. Mimi mwenyewe niliwafundisha kuongea hivyo! Nilitaka kulia, nusu kwa fahari na nusu kwa yale mengine.

Madam Ayoo akamwambia Nanzala asante, na kwamba alikuwa anaanza kudhani hana sauti. Akaniita nje. Akasema hajui anifukuze au anipe zawadi. Wazazi wa kweli wataitwa wiki ijayo, na barua atazituma yeye. Kuhusu mimi, Jumatatu saa mbili nije na mzazi wangu, kama mwanafunzi mwingine yeyote. Baada ya kuongea na huyo mzazi ndipo ataamua habari ya mkataba.

Nina miaka thelathini na nne.

Jumamosi, 14 Februari

Nimewaza usiku, asubuhi nimepata jibu. Nimeshuka stejini Munyaka, nikamwomba Kipkirui awe baba yangu Jumatatu. Akasema mimi nimemzidi miaka mitatu. Nikamwambia kofia itasaidia. Akasema Madam amemwona. Nikamwambia amemwona kwa dakika kumi tu, tena akiwa na reflekta.

Akakataa. Akasema Jumatatu asubuhi ameshachukuliwa. Nikauliza na nani. Na Nanzala, akasema. Kazi yenyewe ni kwenda Kapseret kumleta shuleni mzee mmoja anaitwa Wesonga.

Nikakaa chini pale pale, kwenye tairi. Kumbe hao watoto walitusikia dirishani, na jana jioni waliandika barua ya kumi na mbili. Na hii waliituma! Kipkirui mwenyewe ndiye aliyeipeleka, maana kwetu anapajua, na baba ameshaweka sahihi. Kipkirui akasema Nanzala alitia tiki baada ya kuiona hiyo sahihi.

Nimewasamehe. Wanadhani wananisaidia.

Jumapili, 15 Februari

Baada ya kanisa baba amepiga simu. Amefurahi mno. Anasema shule imemwita rasmi, bila shaka ni kwa sababu ya cheo changu. Anakuja na suti ya harusi yake, pamoja na wazee wawili wa kanisa, ili waione ofisi ya naibu mwalimu mkuu.

Nilitaka kumwambia ukweli. Neno lilifika kabisa kwenye ulimi. Halafu akasema mama yuko karibu naye anasikiliza, anatabasamu. Nikamwambia wasichelewe.

Hakuna haja ya kuogopa. Mpango upo, tena mzuri. Bwana Mungai ataniachia ofisi yake kuanzia saa moja na nusu mpaka saa mbili. Baba ataniona nimekaa kwenye kile kiti, wazee watapewa chai, kisha nitamwingiza kwa Madam Ayoo na kumnong'oneza Madam asitaje mambo ya vyeo. Hakuna kitu kinaweza kuharibika.

Nimechora chati kwa rula, kama ya watoto. Kumwomba Bwana Mungai ofisi, tiki. Bwana Mungai kukubali, tiki. Moyo umetulia kabisa. Ujumbe wenyewe nitamtumia kesho asubuhi, nikiukumbuka.