Kuhusu Mzee Hakkarainen na Zamu ya Sauna ya Ijumaa

Kajaani, Jumatano 12 Machi

Kwa Meneja wa Jengo la Wastaafu Pihlajakumpu,
Bi. Sirkka Ovaskainen

Ndugu Meneja,

Natumai barua hii itakukuta mzima na kwamba mgongo wako umepata nafuu. Wiki iliyopita sisi wakazi wote wa vyumba arobaini na vinne tulipata fomu yako yenye swali moja, "Una maoni gani kuhusu kuishi hapa?", na chini yake vichwa vitano vya kuchorwa, kuanzia kile kinachocheka hadi kile kinacholia. Nimekaa nayo mezani siku nne. Wenzangu wamejaza upesi. Mmoja aliandika, "Nipo bado." Mwingine aliandika kwamba hapa ni pazuri isipokuwa watu. Bi. Lempi wa chumba 12 alitia alama kwenye kichwa kinachocheka hata kabla hajavaa miwani. Lakini mimi nilikuwa mkaguzi wa maziwa kwenye kiwanda cha ushirika kwa miaka thelathini na minne, na maziwa hayakaguliwi kwa vichwa vya kuchorwa. Kwa hiyo nakuandikia barua.

Lalamiko langu ni moja tu, ingawa lina vifungu. Wakazi wa jengo hili hawafi kwa kasi inayostahili.

Tafadhali usinifikirie vibaya. Sina kinyongo na mtu, na kila nikikutana na mwenzangu kwenye lifti namsalimu. Nazungumzia utaratibu. Kama unavyojua, sauna yetu ni moja, kule chini, na kila mkazi ana saa yake moja kwa wiki. Zamu ni ya mtu mpaka ahame au afe. Nilipohamia hapa miaka kumi na moja iliyopita nilipewa iliyobaki, yaani Jumanne saa nane mchana. Nakuuliza wewe kama binadamu, nani anakwenda kukaa kwenye mvuke Jumanne saa nane mchana? Ukitoka pale siku bado nzima na hujui uifanyeje. Zamu yenyewe hasa ni Ijumaa saa kumi na moja jioni. Mawe yameshika moto tangu mchana, wiki imekwisha, unayamwagia maji, mvuke unapanda, unatoka umekuwa mwekundu, unakula soseji yako unalala. Mimi na marehemu mume wangu Eino tulikuwa na sauna yetu wenyewe kando ya ziwa, na tulioga Ijumaa saa kumi na moja kwa miaka arobaini na mmoja. Tangu niiuze ile nyumba sijapata Ijumaa iliyoisha vizuri. Nalisema wazi kwa sababu ni kweli na linaniuma.

Zamu hiyo imeshikwa na Mzee Taavetti Hakkarainen wa chumba 31, tangu jengo lifunguliwe. Ana miaka tisini na tatu. Mimi nina themanini na moja na ndimi wa kwanza kwenye foleni. Walionitangulia walikuwa wawili, na wote wamekufa wakisubiri. Yeye hajafa. Na sababu za kutokufa kwake, Ndugu Meneja, zinatoka ofisini kwako, nami nazieleza moja baada ya nyingine.

1. Chumvi. Miaka mitatu iliyopita jiko letu lilipunguza chumvi na siagi kwenye supu ya samaki. Sikusema kitu, nikadhani mpishi ana mawazo. Kumbe ni mpango. Presha ya Mzee Hakkarainen ilishuka, ikashuka tena, na sasa kila Jumatatu anaitangaza mezani kama matokeo ya mpira. Juzi alisema, "Mia na thelathini kwa sabini na tano, Bi. Kerttu. Daktari kaniuliza kama mashine imeharibika." Mimi nikaendelea kula supu yangu, ambayo ni maji ya uvuguvugu yaliyopitiwa na samaki.

2. Mazoezi ya Bi. Lempi. Jumatatu na Alhamisi anatukusanya ukumbini na kutupa mipira ya kuvuta, halafu anatusimamisha kwa mguu mmoja na kutuhesabia. Mwaka juzi Mzee Hakkarainen aliweza sekunde kumi na mbili. Mwezi uliopita ameweza arobaini. Nauliza kwa heshima zote, tunaelekea wapi? Nilimfuata Bi. Lempi faragha nikamwomba asiwe anamshangilia sana. Akaniambia, "We Kerttu una roho mbaya. Inua mguu." Niliinua. Mimi niliweza thelathini na tatu, lakini hilo halihusiani na barua hii.

3. Mchanga. Kila alfajiri ya baridi mtunza jengo wetu, Urho, anamwaga mchanga kwenye barafu kutoka mlangoni mpaka kwenye mapipa ya taka. Sisemi mtu aanguke. Naomba hilo liandikwe mahali. Nasema tu kwamba barafu ni kazi ya Mungu, imekuwepo kabla ya ofisi yako, na zamani watu waliipitia kila mmoja na bahati yake.

4. Kupigiana simu. Asiyeonekana kwenye kahawa ya saa nne asubuhi anapigiwa simu. Asipopokea anagongewa, asipofungua Urho anakuja na ufunguo. Novemba iliyopita Mzee Hakkarainen alishikwa na homa ya mapafu, na kwa mwenendo wa kawaida wa dunia ningekuwa na Ijumaa yangu kabla ya Krismasi. Lakini saa nne na dakika kumi na mbili alikuwa tayari kwenye gari la wagonjwa. Ni afadhali nikuambie mwenyewe kabla hujasikia kwa wengine kwamba aliyepiga simu ni mimi. Wiki ile orodha ya wapiga simu ilikuwa na jina langu, na mimi si mtu wa kuvunja utaratibu. Aliporudi aliniletea boksi la chokoleti. Nililipokea, maana kulikataa kungekuwa utovu wa adabu.

5. Bendera. Hapa naomba uvumilivu wako, kwa sababu jambo hili limenivunjia heshima na limeongelewa hadi kwenye duka la dawa.

Ijumaa ya tarehe 28 Februari nilichungulia dirishani nikaona bendera ya jengo letu iko katikati ya mlingoti. Kila mtu hapa anajua maana yake. Bendera ikiwa katikati, mmoja wetu ameondoka. Nilikwenda kwenye kahawa nikahesabu vichwa. Wote walikuwepo isipokuwa Mzee Hakkarainen. Nilimpigia simu, haikupokewa. Sikumtafuta Urho, kwa sababu bendera aliipandisha yeye, nikaona anajua kuliko mimi.

Ndugu Meneja, sikufurahi. Nakuapia. Nilikaa kitandani kwa muda, nikakumbuka namna anavyokunja leso. Kisha nikavaa gauni jeusi, nikanunua maua meupe, nikaenda chumba 31 nikiamini bintiye atakuwa amefika kutoka Oulu na anahitaji mtu wa kumpa pole. Kwa kuwa ilikuwa Ijumaa, na kwa kuwa saa kumi na moja haimsubiri mtu, nilikuwa pia na taulo kwenye mfuko.

Mlango aliufungua yeye mwenyewe.

Alikuwa na kofia kichwani na shavu lake moja limevimba. Alikuwa ametoka kwa daktari wa meno kutiwa jino jipya, tena jino lenye dhamana ya miaka kumi. Aliangalia maua, akaangalia gauni. Akauliza, "Nani kafa?" Nikamnyoshea maua. Akasema, "Mimi?" Nikamwambia bendera iko katikati. Tukaenda wote dirishani kwake, na pale chini tukamwona Urho amepanda ngazi, anapiga kamba kwa fimbo ya kutelezea kwenye theluji. Kumbe ilikuwa siku ya bendera ya kawaida ya kitaifa, ile ambayo mimi huisahau kila mwaka, na kamba ilikuwa imeganda kwa baridi nusu ya safari.

Mzee Hakkarainen akasema, "Basi lete hayo maua, yasiharibike. Ingia unywe kahawa ya msiba." Nikaingia, maana ningefanyaje? Nikanywa vikombe viwili. Wakati naondoka akauliza, "Na taulo?" Nikasema nilikuwa napita kuelekea kufua. Akasema, "Kufua na taulo moja, Bi. Kerttu? Haya, mie nashuka chini. Nitamwaga maji kidogo kwenye mawe, kwa niaba yako." Akashuka. Nilimsikia kwenye ngazi anapiga mluzi kwa upande mmoja wa mdomo.

Nadai bendera ya jengo itengenezwe, ama sivyo iwe inaambatana na tangazo la maandishi.

6. Hili ndilo kubwa kuliko yote, nami nimeliacha la mwisho kwa sababu sijui niliandikeje. Watu hapa wamepewa sababu ya kuamka. Kuna kwaya, kuna karata, kuna bustani ya viazi kwenye masanduku. Mwezi Januari Mzee Hakkarainen alijiandikisha kozi ya Kihispania. Nilikwenda kusoma tangazo lake ubaoni. Ni kozi ya miaka minne, Ndugu Meneja. Nilimuuliza Kihispania anakitakia nini na hajawahi kufika mbali kuliko Stockholm. Akajibu, "Kuna maneno mengi ya kukariri, nitakosa muda wa kufa." Alisema hivyo mbele ya watu, na watu wakacheka, na ofisi yako ndiyo iliyolipia vitabu.

Kutokana na hayo, naomba yafuatayo. Chumvi irudishwe jikoni mara moja, na siagi pia. Mazoezi yawe mara moja kwa mwezi, tena ya kukaa. Mchanga umwagwe kwa kiasi, hasa upande wa chumba 31. Kozi zote zisizidi miezi mitatu kwa mtu aliyevuka umri wa miaka tisini. Na kama hayo yote ni magumu, basi uweke kanuni nyepesi tu, kwamba zamu ya sauna inakoma mtu akifikisha miaka tisini. Mimi nitafikisha tisini baada ya miaka tisa, na suala hilo tunaweza kulizungumza tena wakati huo.

Natambua kuna watakaosema mambo haya ni ya kikatili. Nawajibu kwamba mtu aliyesubiri Ijumaa moja kwa miaka kumi na moja ana haki ya kuuliza itakuwa lini.

Nakutakia kazi njema. Nisalimie mumeo na yule mbwa wenu, na wote wa ofisini, hata yule wa mapokezi asiyepokea simu. Hapa Urho anakusalimu, Bi. Lempi anakusalimu, na Mzee Hakkarainen, ambaye hajui ninachoandika, naye pia anakusalimu.

Wako mtiifu na mlipaji wa kodi kwa wakati,

Kerttu Piirainen
Chumba 27

N.B. Jumapili 16 Machi. Barua hii sikuiposti Alhamisi kama nilivyokusudia, kwa sababu Alhamisi Mzee Hakkarainen hakuja kwenye kahawa. Alikuwa amepanda juu ya kigoda kubadilisha balbu, akaanguka, nyonga ikavunjika. Safari hii nilimfuata Urho na ufunguo wake moja kwa moja, sikupiga simu kwanza. Amelazwa na amefanyiwa upasuaji, na wanasema moyo wake uko imara.

Ijumaa mchana Urho alisimama mlangoni kwangu akiangalia viatu vyake. Akasema, "Bi. Kerttu, leo saa kumi na moja pako wazi. Wewe ndiye unayefuata. Nishawasha."

Nilikwenda. Saa kumi na moja kamili nilikuwa nimekaa benchi la juu. Joto lilikuwa sawasawa, mvuke ulikuwa laini, sikuona kitu cha kulalamikia, na nilitafuta. Nilikaa dakika sita. Muda wote nilikuwa nasikiliza kama kuna mtu anashuka ngazi. Kisha nikalia, na mimi hata siku ya kukabidhi funguo za ile nyumba ya ziwani sikulia. Nikavaa nikapanda juu.

Jana nilikwenda kumwona. Alikuwa mdogo kitandani kuliko nilivyomzoea. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Umeichukua Ijumaa?" Nikamwambia sikwenda. Akasema, "Hujui kudanganya, hata kidogo." Akafumba macho, nikadhani amelala. Halafu akasema, "Kerttu, usijitoe kwenye foleni. Binti yangu ananipigia Krismasi tu. Wewe ndiye mtu pekee anayetaka kujua kila asubuhi kama nimeamka."

Nikamkunjia leso zake.

Kwa hiyo naomba uyaache yote ya huko juu. Chumvi isirudi. Mchanga umwagwe mpaka kituo cha basi. Kishikio kingine kiwekwe kwenye benchi la juu la sauna, upande wa kushoto, maana nyonga ni ya kushoto. Ijumaa ibaki na jina lake, na mimi nirudishiwe Jumanne yangu. Lakini jina langu lisifutwe kwenye foleni. Libaki la kwanza, na likae hapo miaka mingi sana.

K. P.