Harusi Yetu kwa Picha Ishirini na Nne

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya arobaini na moja ya kuishi na mume wangu! Kila nikiandika neno "mume" kalamu inateleza yenyewe.

Tulifunga ndoa nyumbani mwaka jana. Akatangulia kurudi kazini huku ugenini, nami nikamfuata na sanduku moja na ndoto mbili: yeye, na uanamitindo. Yeye nimempata. Uanamitindo uko njiani. Juzi nimepata kazi yangu ya kwanza: mikono yangu imepigwa picha ya pakiti ya glavu za kuoshea vyombo. Ilikuwa ndani ya glavu, ndiyo. Lakini mume wangu aliitazama ile pakiti akasema mikono hiyo angeitambua popote. Laazizi wangu!

Leo imekuja barua ya uhamiaji. Tufike wote wawili Alhamisi ya wiki ijayo kuthibitisha kwamba ndoa yetu ni ya kweli. Tulete picha za harusi zisizopungua kumi. Wakiridhika, napata kibali cha kuishi hapa. Wasiporidhika, nina siku thelathini za kufungasha. Mume wangu akaisoma, akaikunja, akaikunjua, akaisoma tena. Nikamwambia atulie. Atakosaje picha na ameoa mwanamitindo?

Nimezihesabu. Tunazo nne. Ya kwanza mume wangu kafumba macho. Ya pili mimi natafuna. Ya tatu ni kidole cha mjomba aliyeshika kamera, na nyuma ya kidole, kwa mbali, ni sisi. Ya nne imetoka vizuri sana. Ni ya keki.

Jumanne, 4 Machi

Wifi yangu, dada wa mume wangu, amekuja na ushauri wake. Eti niwapigie simu waliokuja harusini, kila mtu alikuwa na simu mkononi, picha zitapatikana hata hamsini. Ushauri gani huo! Picha za shangazi zangu, vichwa vimekatwa, mwanga umetoka nyuma! Nipeleke takataka hizo serikalini, mimi mwenye jina la kulinda? Wifi akauliza jina lipi, lile la kwenye glavu? Wivu tu. Yeye anauguza wazee, siku nzima yuko kwenye viatu vya mpira. Nimemsamehe.

Nina mpango bora. Nitairudia harusi! Chini ya jengo letu kuna mpiga picha za vitambulisho mwenye pazia lililochorwa bustani. Amekubali, mradi picha moja aitundike dirishani kwake. Duka la magauni ya harusi litaniazima gauni, mradi nilitaje kwenye ukurasa wangu. Kibali na maudhui kwa mpigo mmoja! Wifi hana akili kama hizi.

Mume wangu simwambii. Mapenzi bila ya kushtukizana ni nini?

Alhamisi, 6 Machi

Siku tamu kuliko harusi yenyewe!

Tatizo dogo: bwana harusi. Mume wangu anapakia maboksi kwenye ghala la baridi, haachiwi hata saa moja. Nikamwazima mwanamitindo mwenzangu, nilikutana naye kwenye glavu. Sote tunamwita Mabega, kwa sababu matangazo yake yote ya makoti humwonyesha kuanzia shingo kwenda chini. Nikamwambia tutampiga kwa nyuma tu. Akasema afadhali, uso huwa unamtatiza.

Mabega ni mrefu kumzidi mume wangu kwa shibiri nzima. Wakiuliza, nitasema siku ile furaha ilimrefusha.

Mpiga picha akasema kama nina wasiwasi nimletee kichwa cha mume wangu kwenye picha yoyote, atakibandika. Nikakataa papo hapo. Huo ungekuwa udanganyifu!

Jumamosi, 8 Machi

Albamu imekamilika. Picha ishirini na nne! Mimi nikicheka kwenye bustani ya pazia. Mimi nikilia. Mimi nikimlilia Mabega begani. Zile nne za zamani sikuzitia. Zingeiharibu.

Nikarusha tatu kwenye ukurasa wangu, kuonja tu. Nimepata mioyo mia tisa! Rekodi yangu ilikuwa thelathini na moja, na mingine ilikuwa ya mama. Kabla ya saa sita duka la magauni likapiga simu. Wanatutaka mimi na Mabega kwenye bango lao jipya, safari hii nyuso mbele! Nimesaini bila kukaa, na kesho tunapigwa picha.

Nikampigia mume wangu ghalani. Akapiga kelele ya furaha hadi wenzake wakadhani amebanwa na boksi. Hakuuliza bango la nini. Mwanamume wa namna hii hupewa mtu mara moja tu.

Jumatatu, 10 Machi

Bango limepanda! Ni kubwa kuliko chumba chetu. Mimi na Mabega tumekumbatiana, na chini imeandikwa: Wawili Hawa Wamepata Walichokitafuta. Nilisimama pale mzungukoni nikimwonyesha kila mpita njia mimi ni yupi. Mzee mmoja akampongeza mume wangu. Nikapokea kwa niaba yake.

Jioni wifi akapiga simu kutoka kwenye basi. Sauti tamu mno, nikajua kuna jambo. Akasema anaomba nimtambulishe kwa kaka yake mpya, kwani yule wa zamani alikuwa mfupi. Akauliza wa zamani anaendelea kupewa chakula au naye nimemtoa. Nikamwambia haelewi sanaa. Akasema labda, lakini barabara anazielewa. Je, mwanamitindo ameangalia bango linatazamana na jengo gani?

Sikuangalia. Nilikuwa nikijitazama mimi.

Linatazamana na uhamiaji.

Jumatano, 12 Machi

Mume wangu ameliona. Dereva wa ghala alimpitisha pale, akamwambia ona, yule si shemeji? Amerudi nyumbani hajavua koti. Akakaa ukingoni mwa kitanda.

Nikamweleza yote, haraka haraka. Albamu, pazia, Mabega, shibiri. Alisikiliza hadi mwisho. Akaniuliza swali moja tu: kwani harusi yetu ilikuwa na kasoro gani?

Shajara, nililia kilio ambacho hakikufaa kwa picha. Nikasema kasoro yake ni kwamba ilikuwa nzuri na hakuna hata mtu mmoja anayeweza kuiona. Akasema yeye anaiona. Hapo nikazidi kulia.

Tumekubaliana: kesho tunapeleka ukweli. Zile nne tu. Nimeapa.

Halafu alipokwenda kuoga nikazitazama tena. Mimi natafuna! Mdomo uko hivi! Tena barua inasema kumi. Nne si kumi. Nikazichomeka nyuma kabisa ya albamu, baada ya zile ishirini na nne. Ukweli upo. Uko mwishoni tu.

Alhamisi, 13 Machi

Nitaandika polepole. Sitaki kuruka kitu.

Afisa ni mama wa makamo, miwani puani, hana haraka. Akaifungua albamu. Mume wangu alipoona ukurasa wa kwanza akanigeukia mimi, si kwa hasira, bali kama mtu anayetazama maziwa yakichemka na kumwagika. Afisa akafunua, akafunua. Halafu akatoa rula.

Akapima bwana harusi. Akamwomba mume wangu asimame. Akauliza, bila kuinua sauti, bwana huyu alipungua lini. Nikasema ndoa humnyenyekeza mwanamume. Mume wangu akafunika uso. Afisa akanyoosha kidole dirishani, kwenye bango, akauliza na yule ni nani, maana wiki hii kila asubuhi akinywa chai yake wanamtazama. Nikasema ni mwenzangu wa kikazi. Akauliza kama ni yeye aliyenioa. Nikasema kwa nyuma tu.

Akatutenganisha. Mimi nikabaki, mume wangu akapelekwa chumba cha pili kuhojiwa na afisa mwingine. Niliulizwa analala upande gani, nikajibu. Mswaki wake rangi gani, nikajibu. Nikaulizwa nitafanya nini nikirudishwa. Nilifikiria kitanda kile na yeye peke yake juu yake, nikalia. Kwa mara ya kwanza sikukumbuka uso wangu umekaaje.

Baada ya nusu saa tukakutanishwa, na afisa akasoma majibu ya mume wangu kwa sauti. Mkeo huamkaje? "Hupiga chai picha. Mimi huinywa ikipoa. Nimezoea." Mligombana lini mara ya mwisho? "Jumapili. Niliumega mkate kabla haujapigwa picha, akataka niurudishie." Unamsaidiaje kazini? "Namshikia taa. Juzi niliishika nikiwa na taulo na sabuni machoni." Unakumbuka nini siku ya harusi? "Mfungisha ndoa alipomuuliza kama ananikubali, mke wangu alimwomba asogee kushoto kisha arudie swali, kwa sababu ya mwanga. Mfungisha ndoa akasogea. Ndipo akanikubali. Nikasema moyoni, nimekwisha, nampenda."

Afisa akavua miwani, akacheka mpaka mlinzi akachungulia. Akafika mwisho wa albamu, akaziona zile nne, akaitazama sana ya kidole. Akasema ameshughulikia ndoa za uongo miaka kumi na minane na hajaona mtu wa kuvumilia haya kwa ajili ya karatasi.

Mwaka mmoja! Kibali cha mwaka mmoja! Akaandika kwenye faili, nikaisoma juu chini: "Bwana harusi ni yule mfupi."

Mlangoni akaniita. Akasema mwakani tukija kuongeza muda nisilete watu wa kukodi. Nilete maisha ya nyumbani, kama yalivyo. Nikamshika mkono kwa mikono miwili. Mume wangu akanibeba ngazi zote hadi chini, akanipitisha mbele ya bango bila kuliangalia.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeamka nikiwa halali! Mume wangu alinibusu nikiwa nimelala nusu, akaenda zake ghalani akiimba.

Maneno ya afisa yamenikaa. Maisha ya nyumbani, kama yalivyo. Mwaka si mwingi, na mwanamitindo makini huanza mapema. Picha za familia ndizo zenye uzito, kila mtu anajua. Na kurasa za akina mama wachanga ndizo zinazopata wafuasi wengi siku hizi, nimechunguza.

Nimeongea na jirani wa mlango wa pili. Ana mtoto wa miezi sita, mashavu hayo, taa inampenda! Amesema nimchukue wakati wowote, yeye atalala. Tunapiga Jumapili, kitandani, shuka nyeupe. Wifi nimemwambia. Amekata simu.

Safari hii nimejifunza. Bwana atakuwa mume wangu mwenyewe, uso mbele, urefu wake uleule. Bibi mimi. Chumba chetu, shuka zetu.

Ni mtoto tu ndiye wa kuazima.