Jicho Likikaa, Limependa

Umma ulitangaziwa kwa taadhima zote kwamba Idara ya Vyeti haitawauliza tena wananchi kama wameridhika na tovuti yake. Midomo ina tabia ya kulalamika. Sasa yatapimwa macho: jicho likikaa mahali muda mrefu, limependa.

Fundi cherehani hakujua habari za utafiti alipokalishwa mbele ya kompyuta yenye mashine ya kupima macho. Alifuata cheti cha kuzaliwa cha kitinda mimba wake. Shule ilikuwa inafunga uandikishaji saa nane mchana, na bila cheti mtoto angekaa nyumbani mwaka mzima. Fomu aliijaza chapuchapu, kisha akaanza kutafuta kitufe cha kutuma. Alikitafuta dakika arobaini, na kila alipotazama aliona picha ya Mkurugenzi, iliyoshika nusu ya ukurasa.

"Asilimia tisini na sita," alisoma mtaalamu wa mashine. "Hii picha inapendwa, bosi."

"Basi tuwaongezee," alisema Mkurugenzi kwa unyenyekevu. Ilikuwa imeshaongezwa mara sita wiki hiyo, kwa kuheshimu matokeo.

"Bosi, mimi natafuta pa kutuma fomu," alisema fundi. "Nadhani umepafunika na kidevu."

"Mama, maoni ya mdomo yameshafutwa kwa waraka."

Saa saba na nusu Waziri akaingia kukagua. Fundi akainuka, akampa Mkurugenzi kiti.

"Mheshimiwa, mwambie huyu anitumie fomu yangu. Tovuti si yake?"

Mkurugenzi akakaa. Akasogeza kipanya huku, akakisogeza kule, macho yamemtoka pima, jasho linamtiririka. Mashine ikampa asilimia mia, Waziri akapiga makofi. Zilipobaki dakika kumi kufika saa nane, Mkurugenzi akamnong'oneza mtaalamu, "Itoe hiyo picha."

Ikatolewa. Kitufe hicho hapo. Fundi akakitupia jicho, akabonyeza, akakichomoa cheti kwenye printa kingali cha moto, akatimka bila kuaga.

Mashine ikatoa matokeo: sekunde mbili, asilimia moja.

Waziri akakunja uso. "Muda si mrefu uliopita wananchi walikuwa wanatupenda. Nani kaagiza picha itolewe?"

Mtaalamu akamnyooshea bosi wake kidole. Waziri akamkazia Mkurugenzi macho dakika nzima, na kwa vipimo vya Idara yenyewe, hajawahi kutokea mtumishi aliyependwa kiasi kile siku ya kufukuzwa kazi.