Gauni la Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Agosti
Balaa! Mama mkwe anataka gauni la kuvaa Jumamosi, harusi ya shemeji. Likiharibika, kasema, ukoo mzima utahamia kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, yule tunayemwita Sindano. Sasa mimi nimzungushie mama mkwe futi ya kupimia kifuani? Thubutu! Nimepata akili: kitambaa cha kuvutika. Mwili wowote unaingia. Sindano kanishauri nikivute shibiri moja, nikiachie, nione kama kinarudi. Wivu tu. Nimenunua bila kuvuta.

Jumanne, 5 Agosti
Gauni tayari! Nimelitundika msumarini, nikafunga duka, nikaenda kula. Kurudi, limeshuka shibiri nzima. Uzito wake, nimejiambia. Nimekata pindo. Kazi kwisha.

Jumatano, 6 Agosti
Viwiko vya gauni vimetuna, kama vya mtu aliyeegemea meza kutwa. Bega la kushoto limelala. Nani kalivaa? Ufunguo ninao mfukoni! Sindano kanipongeza: mchana, nilipokwenda kula, kaona dirishani mama mmoja kaegemea cherehani yangu, kaupa mtaa mgongo. Eti nimeajiri? Nikasema ndiyo, fundi bingwa, katoka mbali. Sindano kanywea. Raha! Ila nimeogopa kurudi ndani.

Ijumaa, 8 Agosti
Mama mkwe kaja. Kashika viwiko, kashika lile bega, kakaa chini. Kasema hilo ni umbo la mama yake, aliyezikwa kabla sijaoa. Akalia. Nywele zikanisimama. Akajaribu kulivaa, likakwama kiunoni. Kitambaa kimeshachoka, hakivutiki tena. Akasema basi nimpime, aibu kando. Nikasema heshima hairuhusu. Akaondoka na neno moja: kesho saa nne, gauni au Sindano.

Jumamosi, 9 Agosti
Alfajiri nimenunua kitambaa kilekile. Sikukivuta, muda uko wapi? Nimeshona, nimetundika, nimefunga mlango. Halafu nikasimama nje, nikapiga hodi kwenye duka langu mwenyewe. Nikasema shikamoo bibi, mwanao kaongezeka kiuno, tafadhali ukilivaa, jaza kiunoni na mto niliokuachia.

Ikaja sauti, karibu kabisa na mlango: marahaba.

Limemkaa mama mkwe barabara! Ukoo mzima umeniimbia! Baba mkwe naye sasa anataka suti. Huyo pia simpimi ng'o. Nimemwomba bibi aje Jumatatu, mapema.