Bukta ya Mume Mwenza

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Jana mezani binti yangu alimwita Mume Mwenza "Baba". Alikuwa anaomba chumvi tu, lakini nilisikia. Siku zote humwita "Mzee". Baba ni mimi.

Mume Mwenza ni jina nililompa mimi. Ndiye mume wa kwanza wa marehemu mke wangu, na binti ni damu yake. Aliondoka mtoto akiwa hajaota meno. Mama yake akaja kwangu kushona vifungo, nikamwoa, na mtoto akakulia chini ya meza yangu ya kukatia nguo. Mwaka jana mke wangu alipozidiwa, alimwita yule bwana aje waagane. Akaja na begi moja. Waliagana vizuri. Mke wangu akaenda zake. Yeye hajaenda popote. Analala chumba cha vitambaa, anapika kunishinda, na kila alfajiri anakimbia na binti yangu.

Jumapili kuna mbio ndefu za mzazi na mtoto. Mnavuka mstari wa mwisho mmeshikana mikono, mzazi mmoja na mtoto mmoja. Binti ametuandikisha wote wawili. Kasema tusimgombanie: atakayekuwa bado ubavuni kwake mwishoni ndiye atakayemshika mkono.

Mkono huo ni wangu. Niliufundisha kutunga uzi kwenye sindano.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimeanza mazoezi kwa siri. Nilifika kwenye kona ya duka la dawa, nikaegemea ukuta. Mwenye duka akatoka kuniuliza kama nina cheti cha daktari. Nikamwambia niko mazoezini. Akaniletea kiti.

Kwa miguu simpati. Itabidi nitumie akili.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Akili ilikuwa maharage. Nilipika sufuria zima, nikampakulia Mume Mwenza mlima, nikidhani tumbo litamfunga breki. Kala, kashukuru, kaniambia ndugu yangu kumbe unajua kupika, mbona ulikuwa umejificha. Akaongeza. Nami nikalazimika kula ili asishuku.

Leo alfajiri kakimbia kama kafukuzwa na nyuki. Mimi nimeshinda chooni. Binti kagonga mlango mara nyingi akiuliza, Baba, uko hai. Sauti yake ya kuniulizia ni ile ile ya mama yake. Nikakaa kimya kidogo, aulize tena.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Mungu hamtupi fundi. Binti kaomba niwashonee wote bukta za rangi moja, bluu. Ya kwake nimeipiga cherehani mara mbili. Yangu pia. Ya Mume Mwenza nimeipiga bandi tu, mishono mirefu ya mkono, ile tunayoshikizia nguo kwa muda kabla ya kuishona kweli. Ukiitazama, safi. Ukiikimbilia, Mungu ndiye ajuaye.

Kaijaribu mbele ya kioo, kajigeuza huku na huku, kasema tangu azaliwe hajawahi kushonewa nguo na mtu anayempenda. Nikajifanya natafuta sindano sakafuni.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Naandika miguu ikiwa kwenye beseni.

Tulianza pamoja. Kwenye mteremko wa kwanza nilikuwa bado nawaona. Kwenye mlima niliona migongo yao, baadaye vumbi lao. Nikajua mkono umekwenda.

Kumbe mbele kidogo watu wamefanya duara wanacheka. Katikati, Mume Mwenza, amejishika nyuma kwa mikono miwili. Bukta imefunguka kutoka kiunoni hadi kusikosemeka. Binti alikuwa ametangulia bila kujua.

Njia ilikuwa nyeupe. Ningeweza kupita. Lakini mama mmoja kamwuliza nani kakushonea hiyo takataka, naye, uchi nusu, kajibu kwa fahari kwamba ni ndugu yake, fundi hodari, yule anayekuja pale. Wote wakanigeukia.

Nikatoa sindano iliyo kwenye ukosi wangu. Nikamsimamisha nyuma ya gari la wagonjwa, ameinama, nami nimepiga magoti nyuma yake nikishona kwa haraka. Dereva kasema miaka yote ya kazi hii hajapata kuona huduma ya kwanza kama hiyo. Mkasi sikuwa nao. Nikakata uzi kwa meno. Mke wangu alikuwa akifanya hivyo kila siku, namkataza, namwambia atayaharibu. Alikwenda nayo yote mazima.

Binti akarudi kututafuta. Kaitazama bukta, kaokota uzi chini, kaupitisha vidoleni. Yeye amekulia chini ya meza ile. Kaniuliza kwa upole, Baba, hii si bandi?

Mume Mwenza akauliza bandi ni nini. Binti kasema ni aina ya mapenzi.

Kisha katoa hukumu. Kasema yeye anakwenda kumaliza peke yake, na sisi wawili tushikane mikono hapo hapo, tusiachane mpaka mstarini. Atakayefika peke yake asimtafute.

Tukashikana. Mkono wake una jasho na ni mkubwa. Tulitembea, tukapitwa na kila mtu. Tulipofika, mwenye kipaza sauti katutazama, kauliza nani hapa mzazi na nani mtoto. Watu wakaangua kicheko. Mume Mwenza hakucheka. Kaninyanyua mkono juu na kusema, mzazi ni huyu. Muulizeni binti yake pale.

Binti alikuwa analia na kucheka. Katukumbatia wote kwa pamoja, kichwa changu kikiwa kwapani mwa mtu.

Nimesamehewa. Nimetubu. Yule bwana ni mtu mwema, na sitamfanyia hila tena maishani mwangu.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Nimelifikiria lile jibu lake usiku kucha. Kama mzazi ni mimi, basi mtoto ni nani? Ni yeye. Yaani kajifanya kijana mbele ya umati mzima, na mimi nimemwita mtu mwema.

Binti kasema mwezi ujao kuna mashindano ya baiskeli, watu watatu watatu, wote tuwe pamoja, hakuna kugombana. Mume Mwenza kafurahi sana.

Nimekwenda kwa fundi baiskeli peke yangu. Nimemwomba ile ya Mume Mwenza, ambaye ni mrefu, aishushe kiti hadi chini, akikaze kisipande tena. Kakubali. Kisha kaniuliza yangu iwekewe kiti cha namna gani.

Nimemwambia chochote. Mimi sijui kuendesha baiskeli, lakini hilo ni jambo dogo.