Mabukwe na Mfumo wa Pili

Jumamosi, 10 Mei 2003. Gihosha.

Mvua asubuhi. Risasi mchana, mbali, upande wa milimani. Mabukwe bado yupo.

Mabukwe, yaani mama mkwe wangu, Mama Daphrose, alikuja kwetu kwa siku mbili, mpaka mtaa wake wa Gasenyi utulie. Gasenyi haijatulia. Mwezi unakatika. Alikuja na godoro, sufuria yake mwenyewe (za binti yake hazimridhishi), na redio isiyo na betri ambayo haiachi hata akienda msalani. Hayo si tatizo. Nyumba ni ya watu. Tatizo ni kompyuta.

Kompyuta ndiyo shamba langu. Nilikuwa na kibanda cha kupiga chapa kule Kamenge. Milio ilipozidi nikabeba mashine mpaka nyumbani, wanafunzi wananifuata sebuleni na kazi zao. Sasa Mabukwe amegundua ule mchezo wa karata ulio ndani ya Windows. Anaketi pale tangu uji wa asubuhi. Anapanga mfalme, anapanga malkia. Mkurugenzi mstaafu wa shule ya msingi! Nusu ya wakubwa wa mji huu aliwachapa viboko, leo anagombana na malkia wa kopa.

Nimwambie ainuke? Nani? Mimi? Mkwe hamwinui mama mkwe kitini. Na Mabukwe anashika desturi za zamani kwa mikono miwili. Hali nami meza moja. Hanisemeshi uso kwa uso. Akiwa na neno analipitisha kwa Elvire, mke wangu, hata kama mimi niko karibu naye kuliko Elvire. Jana: "Elvire, mwambie mumeo amenikanyaga." Nikamwomba Elvire amwambie nimesikitika. Elvire akasema yeye si posta.

Na mteja wangu Arnaud anatetea mémoire yake Ijumaa! Mémoire ndiyo kitabu cha kumalizia chuo. Bila kitabu, hakuna shahada. Kijana wa watu alishapoteza mwaka mmoja kwa migomo na mwingine kwa vita. Akikosa Ijumaa hii, walimu wa jopo watatawanyika, na hakuna ajuaye watakutana tena lini. Kitabu chote kimo ndani ya mashine yangu, imebaki sura ya mwisho. Wiki hii nimeandika aya moja. Mabukwe alikuwa anaoga.

Jumapili, 11 Mei.

Wazo! Kubwa!

Wao wakiwa misani, nilishuka Buyenzi kwa Chabani. Ndugu zake wanatengeneza magari, yeye anatengeneza kompyuta, na kwa nyundo zilezile nadhani. Ana CD ya mfumo mwingine wa kompyuta unaoitwa Linux. Alama yake ni ndege mnene kama bata aliyevaa koti la harusi. Chabani akaeleza kwamba unaukaribisha ndani ya mashine ileile, kando ya Windows, bila kumfukuza mwenyeji. Ukiwasha, mashine inakuuliza unataka kuingia kwa nani. Usipojibu upesi, inakuchagulia yenyewe.

Nikamuuliza jambo moja tu. Kuna karata humo? Chabani akashika kifua. "Wallahi, ndugu yangu, apana! Hiyo ni ya ma-ingénieur, watu wa mitambo. Hakuna karata hata moja."

Mpango wangu: mashine ijichagulie huyo Bata kila inapowaka. Mabukwe atafungua, atakuta nyumba ngeni isiyo na karata. Atachoka. Atarudi kwenye rozari yake. Njia ya kwenda Windows nitaijua mimi peke yangu. Hakuna aliyeinuliwa kitini, hakuna aliyevunjiwa heshima. Wazazi wangu hawakukosea kuniita Méthode, yaani mbinu.

Jumatatu, 12 Mei.

Elvire akataka sababu. Nilikuwa nimeziandaa. Kwanza, virusi: vinavyoiua Windows havimwezi Bata. Pili, gurudumu la akiba: mfumo mmoja ukianguka, mwingine unasimama. Nilipoona uso wake haujabadilika nikaongeza maendeleo ya taifa. Elvire akauliza, nyumba moja yenye majiko mawili, nani ataosha masufuria? Kutoka chumbani, Mabukwe anakokula chakula chake, sauti: "Elvire, muulize mumeo, karata zitabaki?" Nikamwomba Elvire ajibu kwamba sayansi inadai sadaka.

Kazi ya kumwingiza Bata ilikula siku nzima. Katikati umeme ukakatika. Nikaganda. Ukarudi. Nikaanza upya. Pahali fulani mashine ikauliza, kwa Kiingereza kirefu, swali ambalo nililielewa nusu. Nikapeleka kidole kwenye "ndiyo". Mabukwe akakohoa nyuma yangu. Nikaruka, kidole kikaangukia "hapana". Baadaye nikatafuta maneno yale kwenye kamusi. Ilikuwa inauliza kama ifute kila kitu.

Sikumwambia mtu.

Arnaud alipita jioni, amekonda kama fimbo ya mchungaji. Akauliza kama nimeweka nakala ya kitabu chake. Nikamjibu ziko mbili. Ni kweli tupu. Ya kwanza imo ndani ya kompyuta. Ya pili pia imo ndani ya kompyuta.

Jumanne, 13 Mei.

Ushindi! Mabukwe aliwasha mashine, Bata akamtokea. Alimtazama kwa muda mrefu, jinsi alivyokuwa anamtazama mtoto aliyechelewa mstarini. Kisha: "Elvire, mwambie mumeo mashine yake inaumwa." Akaenda kumenya maharage.

Nikaingia Windows kwa mlango wangu wa siri, nikapiga chapa mpaka mchana. Sura ya mwisho inasogea. Dirishani nilimwona Mabukwe uani. Maharage yalikwisha. Aliketi, redio mapajani, vidole vinahangaika juu ya vitufe vyake. Nikahisi kitu kidogo kifuani. Njaa, bila shaka. Nikala ndizi mbili. Hakikuondoka.

Jumatano, 14 Mei.

Maafa!

Risasi alfajiri, safari hii si mbali. Tukalala chini kwenye korido kama kawaida. Nikapapasa, godoro la Mabukwe tupu. Nikatambaa mpaka sebuleni. Amejifunika blanketi, yeye na kompyuta pamoja, kama mtu wa mafua anayejifukiza majani ya mkaratusi. Nikachungulia. Anacheza karata!

Na si mchezo mmoja! Bata ana karata za kila ukoo! Orodha inashuka mpaka chini ya kioo na bado inaendelea. Chabani! Mwongo mwenye kifua! Mabukwe alizipata mwenyewe, kwa kufungua kila kitu kimoja baada ya kingine, kama mkaguzi wa shule anayefungua makabati. Kila mlio ukikaribia, anazidi kupanga. Nyeusi juu ya nyekundu. Nyekundu juu ya nyeusi.

Elvire akaninong'oneza kwamba mama yake hachezi kwa kupenda. Tangu siku ile wenye bunduki walipovunja mlango wa jirani kule Gasenyi, mikono yake hutetemeka ikikosa kazi. Karata zinaituliza. Sikuwa najua. 

Mchana Arnaud akaleta marekebisho kwenye disketi yake. Nikamuuliza disketi imepita wapi. Akasema kwa rafiki, kwa rafiki wa rafiki, na kwenye kila mashine ya chuo. Nikaiingiza. Haraka ya kumaliza.

Alhamisi, 15 Mei.

Windows imekufa. Kioo cha buluu, maandishi meupe, kama tangazo la msiba. Virusi! Ile sababu yangu ya kwanza! Niliitoa kwa uongo, ikaja kwa ukweli.

Elvire yuko kazini, na wanajeshi wamefunga barabara ya kupanda huku mpaka saa nane. Arnaud anakuja saa tisa kukichukua kitabu akakichapishe. Mama yake ameshaita watu, pombe ya ndizi iko tayari. Na nakala ziko mbili, zote zimelala ndani ya maiti. Nikaketi sakafuni. Nikafikiria kuvuka mpaka, kuhamia Uvira, kufuga sungura.

Mabukwe akaingia. Hapakuwa na mtu kati yetu. Hilo halijawahi kutokea tangu nioe. Akasimama. Akakohoa. Kisha akaiweka redio yake mezani, katikati yetu, akaigeukia.

"We redio. Mwambie mkwe wangu aache kulia kama mutoto. Kule kwa Bata kuna kasanduku pembeni. Nilikafungua nikitafuta karata. Ndani nikakuta vitu vyote vya Windows vimepangwa, na kitabu cha yule kijana kipo. Nimekisoma."

Nikainuka. Nikaiuliza redio kwa heshima zote kama Mabukwe ana hakika.

"Redio, mwambie mkwe wangu mkurugenzi hasemi uongo. Mwambie pia ukurasa wa tisa una makosa."

Basi tukafanya kazi. Mabukwe kitini, kwa kuwa upande wa Bata njia anazijua yeye. Mimi nimesimama nyuma, redio katikati. Kilifunguka! Chote, mpaka sentensi ya jana! Tukabadilishana nafasi bila kugusana wala kutazamana. Yeye akaisomea redio kurasa zilizobaki, alizoziandika Arnaud kwa mkono, mimi nikapiga chapa. Aliposahihisha hata sarufi ya profesa aliyeandika maoni pembeni, redio ilinionya nisibishe. Tulipomaliza, redio ikaniamuru niweke kitabu kwenye disketi mpya. Nikaweka. Redio ikasema niweke na kwenye nyingine. Nikaweka.

Arnaud akatukuta tumeinamia redio iliyokufa, kila mtu anasubiri zamu yake ya kusema. Akauliza kwa woga, kuna habari gani? Nikamwambia, njema.

Ijumaa, 16 Mei.

Amefaulu! Tena kwa sifa! Jopo lilimsifu hasa kwa maandishi safi. Arnaud akaja na mama yake na pombe ya ndizi, majirani wakajaa. Nikawaeleza, kwa unyenyekevu, kuhusu kuona mbali. Nikawapa sababu zangu za kuweka mfumo wa pili, zote, pamoja na gurudumu la akiba. Nilikuwa nafika kwenye maendeleo ya taifa, ndipo sauti ikatoka chumbani:

"Elvire, muulize mumeo hilo gurudumu lilifungwa na nani."

Watu walicheka kupita kiasi. Nadhani ni pombe.

Jumapili, 18 Mei.

Nimemnunulia Mabukwe betri za redio. Zimerudi kwangu kwa mkono wa Elvire, na ujumbe: redio ikianza kusema maneno yake yenyewe, yetu atayapeleka nani?

Wanasema Gasenyi imetulia kidogo. Mabukwe amearifu kwamba ataondoka akimaliza michezo yote ya Bata. Niliitazama ile orodha. Atanizika yeye.

Windows nimeifufua, lakini mashine bado inaamkia kwa Bata. Nimeondoa hata lile swali, iende moja kwa moja kwenye karata. Ni sababu za kiufundi tu. Milio huanza ghafla, mtu hana nafasi ya kuchagua.

Hata hivyo, kazi ni kazi. Amekuja mteja mpya, Orlane, na mémoire ndefu kuliko ya Arnaud. Kiti kina mtu. Nikashuka tena kwa Chabani, nikamgombeza vizuri. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua droo. Ana mfumo wa tatu! Kioo cheusi, herufi tupu, hakuna picha hata moja. Nikamkazia macho: karata je? Akashika kifua. Wallahi, hakuna hata moja.

Safari hii niliutazama uso wake kwa makini. Hasemi uongo. Nauingiza kesho asubuhi.

Orlane ameuliza kuhusu nakala. Nimemtuliza. Ziko mbili, zote salama, ndani ya kompyuta.